Historia ya Asali Usukuma: Nta, Ngitili na Pamba



Kila msimu wa kurina unapokaribia, swali linalonifikia zaidi ni hili: mbona mizinga inabaki mitupu? Mtu ametundika mizinga kumi, nyuki wameingia mitatu, na kati ya hiyo mmoja wamehama kabla hajarina. Wengi hutaka niwape dawa ya kuvutia nyuki. Kuna njia ya kuwavutia, nitaieleza mwishoni, lakini haitasaidia kama hatujaelewa nyuki wa kwetu walikwenda wapi. Jibu liko kwenye historia ya eneo hili, kwa hiyo leo naomba turudi nyuma kidogo.

Asali kabla ya chupa na lebo

Kwa Kisukuma nyuki ni nzuki, na asali ni buki. Maneno haya yana mzizi mmoja, na mzizi huo upo katika lugha nyingi za Kibantu, ishara kwamba wazee wetu walijua nyuki na asali zamani sana. Neno "asali" lenyewe ni la Kiarabu, lilitufikia kupitia Kiswahili cha pwani. Ndiyo maana hata leo wataalamu wakitaka kutaja eneo lililotengwa kwa mizinga husema manzuki, na Msukuma hahitaji kutafsiriwa.

Asali ya zamani ilikuwa na kazi nyingi: chakula, dawa ya kikohozi na vidonda, zawadi ya heshima, na pombe. Mzinga ulichongwa kwenye gogo, ukapasuliwa katikati, ukakombwa ndani na kutundikwa juu ya mti. Sehemu zenye miombo watu walitumia pia magome, ingawa mti uliochunwa gome pande zote hukauka.

Upande wa mashariki wa mkoa wetu, kwenye bonde la Ziwa Eyasi linalopakana na Meatu, wako Wahadzabe, ambao mpaka leo baadhi yao wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Wao wana msaidizi wa ajabu: ndege mdogo ambaye humwita mtu, kisha humtangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mtu hutoa asali, ndege hula nta na watoto wa nyuki wanaobaki. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha Wahadzabe wa Tanzania na Wayao wa Msumbiji. Ilionekana kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa watu wa hapo hapo: kwa Wahadzabe ni mluzi, kwa Wayao ni sauti ya kukoroma. Ndege amejifunza lugha ya jirani yake. Urafiki wa namna hiyo haujengwi kwa siku moja, na hauwezi kudumu mahali ambapo miti imekwisha.

Nta ilipopata bei

Kwa muda mrefu, sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walirina, wakala asali au kutengeneza pombe, na masega matupu wakayatupa. Thamani ya nta ililetwa na soko la mbali. Ulaya ilihitaji nta kwa mishumaa ya makanisa, kwa kung'arisha samani na kwa dawa ya viatu. Wafanyabiashara wa pwani wakaanza kuitafuta bara, na njia zake zilikuwa zile zile walizopita wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma.

Wakati wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa nje ya nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba. Watu wakahitaji fedha mkononi, na nta ilikuwa moja ya vitu ambavyo mtu mwenye pori angeweza kuuza. Baadaye reli ikarahisisha safari: ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza kupitia Shinyanga likakamilika 1928. Nta ina sifa nzuri kwa mfanyabiashara wa kijijini: haiozi, haimwagiki, na ikikauka vizuri hukaa miaka.

Sasa angalia tunavyofanya leo. Tumerudi kule kule mwanzo. Tunarina, tunakamua asali, tunaitia kwenye dumu, na machicha ya masega tunayatupa nyuma ya nyumba au tunawapa kuku. Kwa mizinga ya kienyeji, asali ya kilo 10 hadi 15 huacha karibu kilo moja ya nta. Kitu ambacho babu aliweza kulipia kodi, mjukuu wake anakitupa. Kama unarina dumu mbili tatu kwa msimu, hesabu mwenyewe umetupa kiasi gani kwa miaka mitano.

Kwa nini Tabora ikatupita

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha kitengo maalumu cha ufugaji nyuki, na kazi yake kubwa ikawa Tabora. Mtaalamu aliyekiongoza, Francis G. Smith, aliwachunguza nyuki wa nchi hii kwa miaka mingi, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto ambacho kimesomwa duniani kote. Chuo cha ufugaji nyuki nacho kiko Tabora mpaka leo.

Mtu wa Bariadi anaweza kuuliza: mbona Tabora na si kwetu, wakati sisi ni ndugu na lugha zetu zinakaribiana? Jibu ni miti. Tabora ilibaki na miombo. Kwetu miti ilikuwa imefyekwa.

Miti ilipofyekwa

Hapa nikumbushe kwamba Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 Simiyu ilipoanzishwa. Itilima imetoka Bariadi, na Busega ilitoka upande wa Mwanza. Kwa hiyo historia ya Shinyanga ni historia yetu.

Katika miaka ya 1920 tatizo kubwa la Usukuma lilikuwa mbung'o, ambao wengine tunawaita ndorobo. Waliua ng'ombe kwa nagana na kuwaletea watu malale. Mwingereza Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o makao yake yakiwa Shinyanga, alijua kwamba mdudu huyu anahitaji kivuli cha vichaka. Ondoa kichaka, naye ataondoka. Watu kwa maelfu wakatolewa kufyeka pori. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, na nchi ikafunguka kwa kilimo.

Tusiwalaumu wazee kwa hilo. Walikuwa wanaokoa watu na mifugo. Lakini kichaka kile kile kilichomficha mbung'o ndicho kilichokuwa kinamlisha nyuki.

Kisha ikaja pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilianza kutoa mbegu zilizofaa kanda yetu, na hata leo herufi UK kwenye majina ya mbegu zinatoka huko. Wakulima wakajiunga, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation, ambao ulikuja kuwa kati ya ushirika mkubwa kabisa Afrika. Pamba ilijenga nyumba za bati, ilisomesha watoto, ilinunua ng'ombe. Ng'ombe nao wakahitaji malisho, na shamba likahitaji kupanuliwa. Kila upande ulikula miti.

Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, zikaacha nyuma maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mali isiyo na mwenyewe haina mlinzi: maeneo hayo yalikatwa na kulishwa mpaka yakawa wazi. Ilipofika miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere alisikitishwa na namna Shinyanga ilivyokuwa inageuka jangwa. Kwa nyuki maana yake ni rahisi. Hakuna ua, hakuna mbochi. Hakuna mbochi, hakuna asali.

Ngitili ilipomrudisha nyuki

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kupanda miche, na miche mingi ikafa kwa ukame. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipogundua kwamba Wasukuma wenyewe walikuwa na dawa tayari: ngitili.

Kwa mgeni wa kwetu nieleze. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti viote bila kuguswa, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wadhaifu. Kuna ngitili ya familia na ngitili ya kijiji. Inasimamiwa na sheria za wenyeji na adhabu zake, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini.

HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba faida za ngitili, yaani kuni, malisho, dawa, matunda, nyasi za kuezekea na asali, zilifikia wastani wa dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa karibu dola 8 na nusu kwa mwezi.

Hapo ndipo asali iliporudi. Migunga ina tabia moja nzuri: mingi huchanua kiangazi kinapoelekea mwisho, kabla mazao ya shambani hayajaota. Kwa nyuki hicho ni chakula cha kipindi cha njaa. Shamba la alizeti huchanua majuma machache tu, kisha basi. Ngitili yenye miti ya aina mbalimbali humpa nyuki chakula kwa zamu karibu mwaka mzima, na kundi lenye chakula halihami.

Leo ngitili nyingi ziko hatarini tena. Warithi wanagawana, kila mmoja anapata kipande kidogo na kukilima. Wengine wanachoma mkaa. Gunia la mkaa linalipa leo, hilo sikatai. Lakini mti wa mkaa unauzwa mara moja, na mti wa nyuki unavunwa kila mwaka.

Nyuki wetu ana tabia yake

Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ili kuboresha nyuki wa kwao waliokuwa na asili ya Ulaya. Wengi walitoka Afrika Kusini, na walikuwamo pia wa kutoka Tabora. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Uzao wao ukaenea Amerika ya Kusini, ukapita Amerika ya Kati na kufika Marekani mwaka 1990. Nyuki wa Ulaya hawakuweza kushindana nao.

Ninasimulia haya kwa sababu yanatuonyesha nyuki tulionao. Ni mkali, anazaliana haraka, anavumilia joto na magonjwa. Pia ni mwepesi wa kuhama. Ukimchoma moto, ukimnyang'anya asali yote, au maji na maua yakikosekana, haombi ruhusa. Nyuki wa Ulaya hulazimika kujaza ghala avumilie baridi ya miezi mingi. Wa kwetu ghala likiisha huhama kutafuta penye mvua. Kwa hiyo mzinga mtupu mara nyingi ni jibu la nyuki kwa jinsi tulivyorina msimu uliopita.

Pamba na nyuki leo

Mizinga ya mbao, ile ya viunzi vya juu na ya masanduku, imeenea kwa miaka mingi sasa. Tuna Sera ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu hata kijiji kutenga hifadhi yake ya nyuki. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipokuwa madarakani, 2008 hadi 2015, alihamasisha sana kazi hii. Tanzania inatajwa kuwa ya pili kwa asali Afrika baada ya Ethiopia.

Lakini mkoa wetu ni mkoa wa pamba, na pamba hupuliziwa dawa. Ua la pamba hufunguka asubuhi, nyuki huingia, na mkulima naye anafika na bomba mgongoni saa tatu. Anayepulizia saa hiyo anawaua wadudu wa pamba pamoja na nyuki wa jirani yake. Mwenye mizinga anakuta nyuki wamelala chini kama punje za mtama na anadhani amerogwa.

Ugomvi kati ya mwenye pamba na mwenye nyuki hauna sababu, kwa kuwa wote wanaweza kupata. Nyuki hachukui kitu cha mkulima, anasaidia ua kushika. Kwenye alizeti ndiyo kabisa: shamba lisilotembelewa na nyuki hutoa vichwa vyenye mapepe mengi. Kinachotakiwa ni makubaliano ya saa na taarifa.

Neno kuhusu asali kama dawa

Wamisri wa kale waliweka asali kwenye vidonda, na hospitali za leo hutumia asali iliyosafishwa kitaalamu kwa vidonda na majeraha ya moto. Asali iliyoiva ina sukari karibu asilimia 80 na maji kidogo, ndiyo maana vijidudu havistawi ndani yake na haiozi. Lakini usimwambie mteja kwamba inatibu kila kitu. Asali ni sukari pia, mwenye kisukari afuate ushauri wa daktari. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli yake na hata kumzuia kupumua.

Asali ikiganda haimaanishi imetiwa sukari. Nyingi huganda zenyewe. Na mtihani wa njiti ya kiberiti hauthibitishi chochote.

Tufanye nini msimu huu

1. Tundika mizinga ndani au kando ya ngitili, mbali na nyumba na njia za ng'ombe, angalau hatua 300. Maji yawe karibu. Waya za kutundikia zipakwe grisi kuzuia siafu.

2. Dawa ya kuvutia nyuki niliyoahidi ni nta safi. Iyeyushe, paka ndani ya mzinga na kwenye viunzi. Nyuki wakisikia harufu ya nta hudhani nyumba ilishakaliwa.

3. Rina kwa bomba la moshi, uchome majani makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Usitumie mwenge, tairi wala mafuta ya taa. Chukua masega yaliyofunikwa angalau robo tatu, kwani ambayo hayajafunikwa yana maji mengi na asali itachacha. Acha masega ya watoto, na acha asali ya kuwatosha nyuki kiangazi.

4. Usitupe masega. Yaoshe, yafunge kwenye kitambaa au kiroba safi, yachemshe kwa maji na moto mdogo kwenye sufuria isiyo na kutu, kamua, acha igande juu. Kusanyeni nta kwa kikundi, kwa sababu mnunuzi hafuati kilo mbili kijijini.

5. Mfanyabiashara na mfugaji, uzeni kwa kilo. Dumu la lita 20 likijaa asali lina karibu kilo 28. Anayelipa kana kwamba ni kilo 20 amekuchukulia kilo nane bure.

6. Mkulima wa pamba, kagua shamba kwanza, pulizia pale tu wadudu wanapohitaji dawa, tumia dawa iliyosajiliwa na soma kibandiko. Pulizia jioni jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi. Mwambie jirani mwenye mizinga siku moja kabla.

7. Wazee na wenyeviti wa vitongoji, kabla ngitili ya familia haijagawanywa, kaeni na warithi. Inawezekana kugawana mavuno na kuacha eneo likiwa moja.

Nta tuliitupa, soko likatuonyesha thamani yake. Miti tuliifyeka, ukame ukatufundisha, tukairudisha kwa ngitili. Nyuki akiondoka safari hii kwa sumu na moto, kumrudisha itakuwa kazi ndefu zaidi, maana ngitili bila nyuki ni kuni tu.

Mwenye swali amwone afisa ugani wa kata yake. Makala ijayo nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza mzinga wa viunzi vya juu kwa mbao zinazopatikana hapa kwetu. Kazi njema.